Pua ya Bati

Kadi namba mia moja na kumi na saba:
Sherdil, fundi bati, Gerezani.
Aliingia Ocean Road na kanga ya mkewe usoni,
akaketi, akasema, "Fungua, Sista, usinionee haya.
Hata mfalme wetu aliugua hapahapa,"
akagusa pale pua ilipokuwa inaaga.

Mimi wafalme wangu ni wale wa darasa la sita.
Huyu hakuwamo. Nikalowesha shashi kwa maji ya chumvi
isije ikamng'oa ngozi,
naye akaanza kusimulia, ili asipige kelele:

kwamba huko Kandahar wakuu wa koo waliketi siku na siku
wakigombea kiti, kila mtu na jina la babu yake mdomoni,
na kijana wa miaka ishirini na mitano
hakusema neno.
Darweshi mmoja akachuma shuke la shayiri
akalichomeka kwenye kilemba cha yule aliyenyamaza.
"Taji la jani, Sista. La bure.
Upepo ungelipeperusha."

"Likapeperuka?"
"Alilishikilia miaka mingine ishirini na mitano."

Jumatano zilikuwa za farasi.
Ijumaa, almasi iliyopita mikononi mwa wafalme
na kila mkono ikauacha mtupu.
Mashine ya mionzi ilipoharibika
hadithi nayo ikakwama mtoni, siku nne.
Mara nane, alisema, mara nane aliuvuka mto Indus
akarudi na ngamia wanaolemewa na mali ya Delhi.
Alihesabu kwa vidole vilivyoungua lehemu.

Sasa, benchi lilelile, namba mia na kumi na nane,
aliketi Gurnam Singh, seremala wa Upanga,
koo limefungwa bendeji, sauti imebaki mkwaruzo.
Siku hiyo akainua mkono kama mwanafunzi.
"Mwambie pia alilifukia ziwa letu takatifu.
Mwambie hekalu alililipua kwa baruti.
Wanawake na watoto wetu, mwambie,
waliuawa kwa maelfu, siku moja."

Benchi zima likatazama sakafu.
Shashi ilikuwa nusu usoni pake, nusu mkononi mwangu.
"Hayo," alisema Sherdil, "baba alikuwa akiyaruka."

Wiki nzima hakusimulia kitu.
Alipiga kelele kama wagonjwa wengine.

Jumatatu akarudi na mwisho wake,
akimgeukia Gurnam, si mimi:
kwamba ugonjwa uliutafuna uso wa mfalme,
funza wakimdondokea mdomoni akila;
kwamba aliyegawa nchi vipande kama tikiti
hakuweza kula tikiti mbele ya watu;
kwamba walimvika pua ya fedha, yenye vito,
na watumishi wakajifunza kutazama viatu vyake.
"Alikufa na hamsini. Mimi nina hamsini na mbili.
Nimemshinda."

Gurnam akakwaruza: "Vito? Mwizi hadi puani."
Sherdil akacheka, damu ikatoka,
nikawagombeza wote wawili.

Alhamisi seremala akaja na kibonge cha mninga,
kazi ya usiku mmoja: pua, imenyooka, ina kiburi kidogo.
"Gongea bati juu yake. Na msasa huu, ulainishe kingo."
"Umenisamehe?"
"Wewe hujanikosea. Yeye, bado.
Na msasa wangu uurudishe."

Kopo la maziwa ya unga lilitosha.
Ukiigeuza, ndani bado unasoma: *tikisa kabla*.
Aliivaa mara mbili. Februari ya Dar
iliigeuza kikaango.
Mara ya tatu akapita ukumbini uso wazi;
mtoto akamkodolea macho,
naye akamkodolea mtoto, hadi mmoja akacheka.

Pua iko kwenye droo yangu, pamoja na kalamu zisizoandika.
Gurnam aliuulizia msasa wake kila kliniki,
mpaka asubuhi moja nikaita mia na kumi na nane,
nikaita tena.

Sherdil bado huja.
Huketi palepale, huacha nafasi ya mtu mmoja,
na mfuko wa shati lake umechakazwa,
kwa ndani,
na kitu chenye kukwaruza.